BAISIKELI INAYOTOBOKA KILA SIKU



Mwezi uliopita tulisema habari za kuhifadhi mahindi yasiliwe na dumuzi. Mwezi huu twataka kusema juu ya baisikeli. Mwalimu mmoja wa kigango cha mbali ametuandikia akilalamika kwamba mpira wake wa nyuma umetoboka mara sita katika mwezi mmoja. Kila mara ameuziba, na kila mara umetoboka tena. Sasa ameiegemeza baisikeli ukutani na kwenda kwa miguu, na watoto wa kigango chake cha pili wamekaa majuma mawili bila mafundisho, maana ni mbali mno. Anauliza: Je, anunue mpira mpya, au auze baisikeli?

Tulipoisoma barua yake tuliona haya kidogo, kwa sababu jambo hilo lilitupata sisi wenyewe, nasi tulilishughulikia vibaya kabla ya kulishughulikia vema. Tutawasimulia yote mawili, ili ninyi mjifunze pasipo kulipa gharama tuliyolipa sisi.

Wengi wenu mwaijua nchi yetu ya Ugogo. Mvua zake ni chache, na baada ya mavuno njia zote hukauka. Miiba ya migunga hudondoka mchangani, na mbigili hutambaa kando ya njia. Tunda la mbigili lina miiba migumu pande zote, hata likianguka namna gani, mwiba mmoja hutazama juu. Kwa hiyo mtu wa huku akitobokewa na mpira hashangai. Huziba, hushukuru, huendelea na safari.

Lakini mwaka mmoja, katika mwezi wa Rozari, tulitobokewa mara saba katika majuma matatu, na kila mara ni gurudumu la nyuma. Wakati ule tulikuwa tukiwatayarisha wakatekumeni watakaobatizwa siku ya Noeli, na vigango vyetu ni vinne. Mara mbili tulifika watu wamekwisha tawanyika. Mara moja tulisukuma baisikeli usiku kutoka kigango cha mwisho hata nyumbani, nasi tulifika alfajiri tumechoka na moyo umejaa hasira.

Hasira haipendi kukaa bure, hutafuta mtu wa kumkalia. Jirani mmoja alituambia kwamba kuna mtu asiyependa Dini ambaye ametufanyia dawa. Neno hilo tulilikataa mara moja, tukajisifu moyoni kwamba sisi si watu wa kuamini mambo ya namna hiyo. Kumbe tulikuwa tukienda kuamini jambo lililo baya kama lile.

Palikuwa na mtoto mmoja katika mafundisho, mwana wa mjane, umri wake yapata miaka kumi na miwili. Baisikeli yetu tulikuwa tukiiweka chini ya mti nje ya shule, na mara mbili tulimkuta amechutama karibu na gurudumu la nyuma, mkono wake umo kati ya spoku. Mara ya pili ilikuwa siku ile ile ambayo mpira ulitoboka njiani baadaye. Tuliyajumlisha mambo hayo mawili kama mtu ajumlishaye mbili na mbili. Siku iliyofuata tulimsimamisha mbele ya wenzake wote, tukamwambia kwamba yeye ndiye atoboaye mpira kwa sindano au kwa mwiba, na kwamba mtoto wa moyo kama huo hawezi kubatizwa Noeli hii. Alisema, “Mwalimu, sikutoboa.” Tulimwambia asiongeze uongo juu ya ubaya. Tulilifuta jina lake katika orodha, naye akaenda zake nyumbani. Hakurudi, na Dominika iliyofuata mama yake naye hakuonekana kanisani.

Tukaanza kuiweka baisikeli ndani ya nyumba, chumbani mwetu, na mlango umefungwa. Siku ya nne mpira ukatoboka.

Hapo ndipo tulipoanza kufikiri, jambo ambalo yatupasa kulifanya kwanza, si mwisho. Tuliomba karai la maji kwa mama wa nyumba yetu, tukautoa mpira wa ndani, tukaujaza upepo na kuutia majini kidogo kidogo. Mama wa nyumba alisimama karibu akingoja karai lake, akaangalia mapovu yakipanda. Akauliza, “Mwalimu, upande huu wenye viraka ndio ugusao njia?” Tukajibu kwamba sivyo, ugusao njia ni ule wa nje, na huu ni wa ndani, ukaao juu ya chuma cha ringi. Akasema, “Basi mwenye sindano aliipitisha wapi?”

Hatukuwa na jibu. Viraka vyote saba vilikuwa upande wa ndani, na tundu la nane lilikuwa huko huko. Mtu awaye yote akitoboa kwa sindano atatoboa kutoka nje, kupitia tairi. Hakuna mkono wa mtoto uwezao kuingia kati ya chuma na mpira uliojaa upepo. Tuliitazama ringi, na hapo tuliuona ukweli wote. Mwezi mmoja kabla ya mambo hayo fundi alitutilia spoku tatu mpya. Zilikuwa ndefu kidogo kuliko zile za kwanza, naye alituambia tungoje hata apate za kipimo, lakini sisi tulikuwa na haraka tukamsihi azitie hizo hizo. Ncha zake zilikuwa zimechomoza ndani ya ringi kama meno ya panya, na ukanda wa kitambaa uliokuwa umezifunika ulikuwa umeoza na kusogea kando. Kila tulipopita juu ya jiwe, meno yale yaliuma. Wahenga walisema, kikulacho ki nguoni mwako.

Habari za mtoto yule tutazirudia mwisho. Kwanza tumjibu mwalimu aliyetuandikia, maana watoto wa kigango chake wanamngoja.

TUNDU LASEMA, TULISIKILIZE

Kosa letu la kwanza lilikuwa kuziba tundu bila kuliuliza limetoka wapi. Kiraka huzuia upepo usitoke, bali hakiondoi kitu kilichotoboa. Kwa hiyo, mpira ukitoboka mara ya pili katika siku chache, usikimbilie solusheni. Fanya hivi.

Kabla ya kutoa kitu chochote, tazama mahali valvu ilipo, kisha tia alama ya chaki juu ya tairi mbele yake. Tia na alama nyingine upande wa kuume wa tairi na upande wa kuume wa mpira wa ndani, ili baadaye ujue namna ya kuulaza mpira juu ya tairi kama ulivyokuwa. Ndipo uutoe mpira, uujaze upepo hata uvimbe kidogo, na kuupitisha wote katika karai la maji. Usikome ulipoona mapovu ya kwanza, kwa sababu mara nyingi matundu huwa mawili, na mtu huziba moja na kulaumu kiraka chake kwa ajili ya la pili. Futa maji, zungushia kila tundu duara la chaki, kisha ulaze mpira juu ya tairi, valvu mbele ya ile alama ya kwanza. Sasa tazama tundu liko wapi na lina sura gani.

Tundu dogo la mviringo, upande wa nje ugusao tairi, ni la mwiba au msumari au kipande cha chupa. Kwa kuwa umelaza mpira kama ulivyokuwa, waweza kuona ni mahali gani pa tairi panapolingana nalo, na hapo ndipo pa kumtafuta adui. Usitosheke kupapasa kwa kidole, kwa maana mwiba wa mgunga hukatika ukabaki ndani ya unene wa mpira. Ukipapasa huusikii, lakini baisikeli ikibeba mtu, uzito husukuma tairi na ncha hutokeza ndani. Kunja tairi nyuma kwa mikono miwili mahali pale mpaka uwazi wa tundu uonekane, chungulia kwenye mwanga wa jua, na ukiona kidoa cheusi au cheupe, kisukume kwa sindano kutoka ndani au kivute nje kwa koleo. Kisha pitisha kipande cha kitambaa laini ndani ya tairi lote, kulizunguka mara moja upande huu na mara moja upande ule. Kitambaa hunaswa na mwiba mdogo ambao kidole hakiusikii, tena kidole chako hakitachomwa.

Matundu mawili madogo yaliyo sambamba, marefu kidogo kama yaliyokatwa kwa kisu, ni ya mpira uliobanwa. Watu wengine huyafananisha na alama ya meno ya nyoka. Chanzo chake si mwiba, ni upungufu wa upepo. Gurudumu lenye upepo mchache likipanda jiwe au ukingo wa shimo, tairi hubonyea hata chuma cha ringi kikaubana mpira juu ya jiwe, na kingo mbili za chuma huukata mara mbili. Wenye kupakia madumu ya maji au gunia la mahindi nyuma hupatwa na jambo hili sana, kwa sababu uzito wote hukaa juu ya gurudumu la nyuma. Dawa yake ni pampu. Kila tairi limeandikwa ubavuni kiasi cha upepo kilichompendeza mwenye kulitengeneza. Letu limeandikwa paundi 50. Asiye na kipimo na abonyeze kwa kidole gumba kabla ya kila safari: likibonyea kwa urahisi halijatosha. Na akiwa na mzigo, apunguze mwendo penye mawe, au ashuke.

Tundu la upande wa ndani, ukaao juu ya ringi, ni kama letu. Hilo halikutoka njiani hata kidogo. Tazama ncha za spoku, tazama ukanda unaozifunika, tazama ukingo wa chuma penye kutu au penye kiungo. Tena kuna ishara nyingine: valvu hupita katika tundu moja tu la ringi, basi ringi ikiwa na kosa, matundu ya mpira yatarudi daima umbali ule ule toka valvu. Viraka vyetu saba vilikuwa vimekusanyika mahali patatu tu, nasi tulikuwa na spoku mpya tatu. Mtoto wa darasa la kwanza angaliweza kuhesabu. Ncha iliyochomoza ikatwe kwa tupa mpaka iwe sawa na kichwa cha kinati chake, kisha kila kichwa cha spoku kifunikwe. Ukanda wa dukani ni mzuri, lakini asiye nao na achukue mpira wa ndani uliochakaa, aukate kwa mkasi apate ukanda wenye upana wa shimo la ringi, autoboe tundu la valvu, na kuuvisha. Usiwe mpana mno, maana ukipanda kwenye kingo tairi halitakaa vema.

Tundu au mpasuko penye shina la valvu huonyesha kwamba mpira unavutwa. Tazama valvu: ikiwa imelala upande badala ya kusimama wima, tairi linateleza juu ya ringi kila ufungapo breki au usukumapo kwa nguvu mlimani, nalo huuchukua mpira pamoja nalo, lakini valvu imeshikwa na chuma haiwezi kwenda. Mara nyingi chanzo chake tena ni upepo mchache. Mpasuko wa mahali hapo kiraka hakiushiki, basi nunua mpira mwingine, lakini uuweke sawa na kuujaza vema, usije ukaupasua kama wa kwanza.

Na pengine hakuna tundu lolote. Mpira umepita wote majini bila povu, hata hivyo asubuhi gurudumu limelala. Hapo jaribu valvu yenyewe: weka tone la mate juu ya mdomo wake, na likivimba, upepo wapita hapo. Katika valvu za namna ya zamani, ambazo bado ziko katika baisikeli nyingi za kwetu, kuna kijipira chembamba kilichovishwa juu ya kichuma cha ndani. Hicho huoza kwa joto na kwa umri. Bei yake ni ndogo kabisa, tena tumewaona watu walionunua mpira mzima kwa ajili yake.

KIRAKA KISHIKE

Watu wengi hulaumu solusheni, na kosa ni la mikono yao. Kwanza mpira uwe mkavu kabisa. Pili, usugue kwa msasa mahali palipo papana kuliko kiraka, mpaka mng'ao wote uondoke. Na ikiwa mstari ulioinuka wa mpira wapita hapo, usugue hata ulale, maana upepo hutoroka kando yake kama panya kando ya ukuta. Tatu, paka solusheni nyembamba, wala usiirundike kama uji. Nne, ngoja. Hapa ndipo wengi tunaposhindwa. Ngoja dakika tano au zaidi kidogo, mpaka solusheni isionekane tena kuwa na maji, na ukigusa ukingoni kidole kisilowe. Kiraka kikiwekwa juu ya solusheni mbichi huteleza, na siku ya jua kali hubanduka. Tano, ondoa karatasi ya kiraka bila kugusa uso wake kwa vidole, kiweke, na kukikandamiza kutoka katikati kwenda kingoni. Mwisho, nyunyiza unga wa chaki juu yake, ili solusheni iliyobaki isishikamane na tairi. Ninyi walimu chaki mnayo, na vipande visivyofaa tena ubaoni vyafaa kwa kazi hii.

Kabla ya kurudisha mpira, tazama tairi kama lina mpasuko upenyao hata ndani. Kama unao, weka ndani yake kipande cha tairi kuukuu kilichochongwa kingo zake ziwe nyembamba, au kitambaa kigumu kilichokunjwa mara mbili, usije mpira ukatokeza nje na kupasuka. Tia upepo kidogo katika mpira ili usijikunje, uingize, kisha upandishe tairi kwa vidole gumba, ukimalizia penye valvu. Bisibisi na mpini wa kijiko vimetoboa mipira mingi kuliko migunga ya Ugogo. Ukimaliza, zunguka gurudumu lote ukilisukuma tairi kando kidogo, uone kwamba mpira haukubanwa chini ya ukingo. Ndipo upige pampu.

Tusinung'unike kwamba kazi ni nyingi, kwa kuwa waliotutangulia walikuwa na taabu kubwa zaidi. Mpira wenyewe ulikuwa ukilainika kwa joto na kukakamaa kwa baridi, mpaka Charles Goodyear, mtu wa Marekani, alipogundua mwaka 1839 kwamba ukipikwa pamoja na salfa hupata nguvu. Mwaka 1845 Mskoti mmoja, Robert William Thomson, aliandikisha gurudumu la upepo, lakini siku zile watu hawakulitumia sana na likasahauliwa. Likavumbuliwa mara ya pili na John Boyd Dunlop, mganga wa wanyama katika mji wa Belfast, aliyetaka baisikeli ndogo ya mwanawe yenye magurudumu matatu isimtikise. Naye aliandikisha kazi yake mwaka 1888. Hata hivyo tairi la namna ile lilikuwa limegandishwa juu ya ringi, na likitoboka ilikuwa kazi ya saa nyingi kulibandua na kulibandika tena. Ndugu wawili wa Ufaransa, akina Michelin wa mji wa Clermont-Ferrand, ndio waliotengeneza tairi la baisikeli la kutolewa na kurudishwa upesi, mwaka 1891. Mwaka ule ule Charles Terront alilitumia katika mashindano ya kutoka Paris hata Brest na kurudi, mwendo wa kilomita 1,200, akashinda kwa muda wa saa zisizotimia 72. Na mwaka uliofuata, katika mashindano ya kutoka Paris mpaka Clermont-Ferrand, akina Michelin walimwaga misumari njiani kwa makusudi, ili watu wote waone jinsi tairi lao linavyozibika kwa urahisi. Sisi hatuna haja ya kumwagiwa misumari, Mungu ametupa mbigili.

KIRAKA KINGINE

Sasa turudi kwa yule mtoto.

Jioni ile tulipoona ncha za spoku, hatukulala vema. Asubuhi tulikwenda nyumbani kwa mjane, kwa miguu. Tulimkuta jikoni, na mtoto alikuwa akipasua kuni. Alituamkia, “Shikamoo, Mwalimu,” kama siku zote, wala hakutazama juu. Tulimweleza mama yake mambo yote: spoku, ukanda uliooza, viraka vya upande wa ndani. Tulisema kwamba mwanawe hakutoboa kitu, na kwamba sisi ndio tuliokosa, tukaomba radhi.

Mjane alinyamaza kitambo, akageuza ugali wake. Kisha alisema, “Nimesikia, Mwalimu. Siku ile ulisema mbele ya watu. Leo umesema jikoni.”

Hakuongeza neno, wala halikuhitajika. Alisema kweli. Tulikuwa tumekwenda kuziba tundu upande usiokuwa wake. Aibu ya mtoto ilikuwa huko shuleni, mbele ya wenzake, nasi tulikuwa tumeleta kiraka kidogo jikoni, mahali pasipotuumiza.

Siku ya mafundisho tuliuchukua mpira ule wenye viraka vyake, na ringi, tukavileta mbele ya wakatekumeni wote. Mjane alikuja akasimama mlangoni. Tuliwaonyesha watoto matundu yote, tukawauliza upande gani waweza kufikiwa na sindano ya mtu, nao wakajibu vema kuliko tulivyojibu sisi. Kisha tulisema wazi kwamba Mwalimu wao alimshuhudia mwenzao jambo ambalo hakuliona, na kwamba Amri ya Nane haiwahusu watoto peke yao. Tulimwomba radhi mtoto kwa jina lake, tukaliandika jina lake tena katika orodha mbele ya macho yao.

Baadaye tulimwuliza alikuwa akitafuta nini kati ya spoku siku zile mbili. Akasema, “Mwalimu, spoku moja ilikuwa inalia. Nilikuwa naishika nisikie ni ipi.”

Mnaona, ndugu? Mtoto alikuwa karibu na chanzo cha taabu yetu kuliko sisi wenyewe. Kama tungalimwuliza siku ya kwanza, badala ya kumhukumu, tungaliokoa viraka vingi. Alibatizwa siku ya Noeli pamoja na wenzake, na tangu siku zile, tukifika na gurudumu limelala, yeye ndiye hutushikia karai.

Hatusemi haya ili kuwafanya mafundi wa baisikeli tu. Katika nyumba zetu mna mambo mengi yanayotoboka mara kwa mara: ugomvi wa mume na mke juu ya jambo lile lile kila mwezi, mtoto anayeadhibiwa kwa kosa lile lile wala haachi, deni linalolipwa na kukopwa tena. Twaziba, twaziba, na hatuulizi tundu liko upande gani. Twatazama njia na majirani, twasema miiba ni mingi, watu ni wabaya. Labda ni kweli, miiba iko. Lakini kabla hatujamtaja mtu, na tuutoe mpira, tuutie majini, tuone kama tundu limetoka nje au limetoka katika chuma chetu wenyewe. Na tukiisha kumtaja mtu bure mbele ya watu, tusimtengenezee jikoni.

Ewe mwalimu uliyetuandikia, usiuze baisikeli, wala usinunue mpira bado. Azima karai, tafuta chaki, ulaze mpira juu ya tairi, kisha utuandikie umeona nini. Na watoto wa kigango cha pili uwaendee Jumamosi hii, hata kama ni kwa miguu.

Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutasema juu ya mnyororo na breki. Mungu awalinde ninyi nyote njiani na nyumbani.

Ni sisi, katekista wenu.